Hatua za mgonjwa wa kiharusi zihesabiwe mguuni

Aliyepatwa na kiharusi anaweza kutembea mita 10 kwenye sakafu laini ya hospitali, mbele ya mtaalamu mwenye saa, kisha akarudi nyumbani Bel-Air, Kampemba, asivuke kizingiti siku nzima. Ndiyo maana naunga mkono vihisi vidogo vinavyovaliwa mwilini: vinaonyesha mtu anatembea kiasi gani hasa, si kile tu anachoweza akitazamwa. Lakini kihisi nacho lazima kipimwe. Saa ya mkononi inayohesabu hatua hutegemea mkono unaobembea. Mkono uliopooza ukijikunja kifuani, mguu ukaburuzwa, na mwendo ukawa wa polepole sana, hatua nyingi hupotea bila kuhesabiwa. Kwenye kifundo cha mguu usiopooza hesabu huaminika zaidi, maana mguu huo hunyanyuka waziwazi. Tena siku moja haitoshi. Siku ya mvua, njia ikiwa tope tupu, si sawa na Jumapili ya kwenda kanisani.

Watakaopinga watasema dawa za presha zitangulie. Kweli, zitangulie, kwani presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi. Hata hivyo, aliyekwisha kupooza naye anadai haki yake, na kifaa kimoja kinaweza kupokezanwa na wagonjwa wengi, wiki kwa wiki. Kukikagua hakuhitaji maabara: mtu ahesabu kwa macho hatua 100 za mgonjwa, alinganishe na namba ya kifaa. Kikisoma 60, asiambiwe mgonjwa kwamba hajitumi.