Fuente Ovejuna na Madarasa ya Kilosa

Mara nyingi mno vijana wetu wa kidato cha tano na cha sita hufundishwa tamthiliya kana kwamba ni orodha ya wahusika na dhamira za kukaririwa. Hatuwalaumu walimu, mtihani ndio bwana wao. Lakini mchezo wa kuigiza huandikwa ili usemwe kwa sauti na kubishaniwa, na upo mmoja ambao tungependa vijana wa Kilosa na Mikumi waubishanie kwa dhati, ijapokuwa umetoka mbali.

Mchezo huo ni Fuente Ovejuna, wa Mhispania Lope de Vega, uliochapwa mwaka 1619. Chanzo chake ni tukio la kweli. Mwaka 1476 wanakijiji wa Fuente Ovejuna, katika nchi ya Córdoba, walimwua bwana mkubwa aliyewatawala kwa jeuri. Katika mchezo, Laurencia, binti wa mkuu wa kijiji, aliyenyakuliwa na bwana huyo siku ya harusi yake, anaingia barazani nywele timtim na kuwasuta wanaume walioketi wakishauriana. Baadaye hakimu anawatesa watu 300, na kila mmoja anajibu kwamba aliyeua ni Fuente Ovejuna. Mfalme anawasamehe, kwa kuwa hakupatikana wa kuhukumiwa peke yake.

Msomaji atauliza, Uhispania inatuhusu nini? Swali hilo lingeweza kuulizwa juu ya Uingereza pia, na Mwalimu Nyerere alilijibu kwa vitendo alipotafsiri Juliasi Kaizari, kilichotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein alitupatia Kinjeketile, juu ya Vita vya Maji Maji, ambavyo mwaka 1905 vilifika hata Kilosa. Mwanafunzi aliyekwisha soma Kinjeketile atamwelewa Laurencia upesi.

Atakapokwama ni penye kile kimya. Kilosa ni wilaya ya mkulima na mfugaji. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa pande hizo mbili. Kijana wa hapa akisoma kwamba kijiji kizima kiliwaficha wauaji, hatashangilia haraka kama kijana wa Madrid. Atauliza: je, lau aliyeuawa hakuwa dhalimu, bali jirani asiye na hatia, mwenye shamba au mwenye ng'ombe, kimya hicho kingeitwaje? Na mwenzake wa dawati moja, ambaye kwao ni upande wa pili, atajibu nini? Wapo watakaosema kwamba hayo ni kutonesha kidonda. Sisi twaona heri yaulizwe darasani, mbele ya mwalimu, juu ya watu waliokufa zaidi ya miaka 500 iliyopita, kuliko yanong'onwe kisimani.

Gharama nayo isiwe kisingizio. Lope mwenyewe aliyaficha mateso yasionekane jukwaani: Laurencia na Frondoso wake wanasikia tu sauti za mzee, mtoto na mwanamke, kisha ya Mengo, mtu wa mzaha ambaye kila mtazamaji anadhani ataropoka. Hapahitajiki mavazi wala pazia. Mlango wa darasa uliofungwa watosha, na sauti nne nyuma yake.