Tafiti za korosho: Nani alipie kufungua mlango?

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda kusini, akishaupita mji wa Lindi, hufika Mingoyo, mahali barabara inapogawanyika. Moja huelekea Mtwara, nyingine Masasi. Wakati wa msimu malori ya korosho hupita hapo, na wakulima wa eneo hilo wanajua vizuri kuwa maua ya mikorosho yakipigwa na ubwiriunga, mwaka mzima umeharibika.

Umbali usiofika kilomita 100 kutoka njia panda hiyo, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kinachojulikana zaidi kwa utafiti wa korosho. Hata hivyo, makala ya kisayansi iliyotokana na majaribio ya kusini inaweza kuchapishwa katika jarida la Ulaya, na anayetaka kuisoma akatakiwa kulipa dola 30 au zaidi. Kwa bwana shamba wa kata, hiyo ni sawa na kuambiwa asisome.

Wafadhili wakubwa wa utafiti wameamua kuumaliza utaratibu huo. Wanataka kila makala iliyotokana na fedha zao isomwe na yeyote bila malipo, jambo linaloitwa uchapishaji huria. Nia ni njema, lakini limebaki swali moja la kibiashara: kama msomaji halipi, nani analipa?

Masharti yalivyobana

Harakati hizo zilipata jina na msukumo mwaka 2002, kupitia tamko lililotolewa Budapest, Hungaria. Wellcome Trust ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa mwanzo kuweka sharti. Mwaka 2012 ilitangaza kuwa mtafiti asiyelitimiza atazuiliwa malipo ya mwisho ya ruzuku yake. Mwaka huohuo idara ya misaada ya Uingereza, DFID, nayo ilitoa sera yake kwa tafiti inazozigharamia.

Septemba 2018 kundi la wafadhili wa Ulaya lilitangaza Mpango S, ulioanza kutumika mwaka 2021. Mpango huo unataka makala iwe wazi siku ileile inapochapishwa, bila kipindi cha kusubiri. Taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH, ambazo tangu 2008 ziliruhusu kusubiri hadi miezi 12, ziliondoa ruhusa hiyo kuanzia Julai 1, 2025.

Kwa taasisi za Tanzania zinazotegemea sana fedha za nje, haya si mambo ya pembeni. Mtafiti anayesaini mkataba wa ruzuku bila kusoma kipengele cha uchapishaji anaweza kujikuta kazi imekamilika, makala imetoka, lakini mfadhili anasema mkataba umevunjwa.

Bili yahamia kwa mwandishi

Majarida mengi yamejibu masharti hayo kwa kuhamisha bili kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi. Jarida la PLOS ONE lilipoanza mwaka 2006 lilitoza dola 1,250 kwa makala moja. Mwaka 2021 jarida maarufu la Nature lilianza kutoza Euro 9,500 kwa mwandishi anayetaka makala yake iwe wazi, fedha inayozidi Sh milioni 25.

Kwa mtafiti wa mikorosho, kiasi hicho ni gharama ya mafuta ya gari, vibarua na vipimo vya maabara kwa msimu mzima. Akilipa ada, analipa kwa kupunguza kazi ya shambani.

Wachapishaji wengi hutoa msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi maskini. Tatizo ni kwamba baadhi yao hufuata orodha ya Benki ya Dunia, na Julai 2020 Tanzania ilipandishwa kutoka nchi ya kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini. Habari hiyo ilishangiliwa, lakini kwa baadhi ya majarida ilimaanisha msamaha kamili kugeuka kuwa punguzo tu. Aidha, msamaha mara nyingi hautolewi na majarida mseto, yaani yale yanayouza usajili kwa wasomaji na papo hapo kutoza waandishi.

Wafadhili nao wameanza kuchoka na bili hizo. Taasisi ya Gates, iliyoanza kutekeleza sera yake mwaka 2015, iliacha kulipia ada za uchapishaji kuanzia Januari 2025. Badala yake inamtaka mtafiti aweke hadharani nakala ya awali ya makala yake. Umoja wa Ulaya, katika mpango wake wa utafiti ulioanza 2021, haulipii ada za majarida mseto.

Njia isiyo na ada

Hapa ndipo watafiti wengi wanapopoteza fedha bila sababu, kwa kudhani kuwa kutimiza sharti lazima kulipa. Sivyo. Wafadhili wengi wanakubali mwandishi aweke katika hifadhi ya mtandaoni nakala ya makala iliyokwisha kupitiwa na wataalamu na kukubaliwa, kabla haijapangwa kurasa na mchapishaji. Njia hiyo haina ada.

Sharti lake ni kutokugawa haki zote. Mwandishi anapotuma makala aandike mapema kuwa nakala iliyokubaliwa itatolewa kwa leseni huria, kama mkataba wa mfadhili unavyotaka. Akisubiri hadi afikishiwe fomu ya mchapishaji na kuisaini, haki hiyo huwa imeshaondoka.

Miundombinu ya kutunzia nakala hizo ipo nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hifadhi yake ya mtandaoni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilevile. Kinachohitajika ni kila taasisi kumpa mtu mmoja kazi ya kusoma mikataba na kufuatilia nakala kabla ya tarehe kupita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ruzuku ni mali.

Wazi kwa nani?

Hata hivyo, mfadhili anaweza kuridhika na mkulima wa Mingoyo asipate kitu. Makala iliyo wazi kwa Kiingereza cha kisayansi bado imefungwa kwake.

Historia ya korosho inaonyesha gharama ya ujuzi kuchelewa kufika shambani. Uzalishaji wa nchi, uliofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulianguka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Bei mbaya na watu kuhamishiwa vijijini vilichangia, na ubwiriunga ulizidisha pigo. Utafiti wa kupulizia salfa na wa miche bora ulisaidia kuliinua zao, lakini faida ilionekana pale tu wakulima walipojua ni lini wapulizie na kiasi gani. Salfa ikipulizwa kwa wakati usiofaa, fedha yake imepotea.

Mfano wa kuigwa upo hukohuko Morogoro. Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine ina hifadhi ya mtandaoni iitwayo Mkulima, inayokusanya machapisho ya kilimo kwa Kiswahili. Muhtasari wa kurasa mbili, wenye kipimo cha dawa, wakati wa kupuliza na gharama kwa mti, ungeweza kuwekwa hapo siku ileile makala inapotoka. Chama cha ushirika chenye simu moja ya intaneti kingeuchapa na kuubandika ghalani.

Serikali nayo ina rungu mkononi. Katika bajeti ya 2022/23 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitenga Sh bilioni 1 za tuzo kwa watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Tuzo ya namna hiyo ikiangalia ukubwa wa jarida peke yake, itawasukuma watafiti kwenye majarida yenye ada kubwa zaidi. Ikiongezewa masharti mawili, kwamba makala iwe wazi na muhtasari wa Kiswahili uwepo, fedha hiyohiyo ingenunua zaidi.

Mfadhili wa nje ana haki ya kudai alicholipia kisomwe na dunia nzima. Mkulima wa Mingoyo, ambaye mikorosho kama yake ndiyo iliyopimwa, naye ana dai lake, na dai hilo halimo katika mkataba wa ruzuku. Ni taasisi za Tanzania zenyewe zitakazoliingiza, na mahali pa kuanzia ni kwenye bajeti ya mradi, kabla ya mti wa kwanza kupuliziwa dawa.