Kiingereza cha Mlimani

Kijana wa Handeni aliyelelewa kwa Kizigua na kusomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili apatapo nafasi ya Chuo Kikuu, ukoo mzima hufurahi. Mahindi huuzwa, sanduku hununuliwa, naye hupanda basi la Dar es Salaam. Mwenzake wa Korogwe, aliyekulia kando ya mashamba ya mkonge, hufuata njia hiyo hiyo. Huko Mlimani wote wawili hukuta mihadhara inatolewa kwa Kiingereza, nao hunyamaza. Watu hudhani kuwa ni wazito wa akili. Sivyo hata kidogo.

Mwaka 1982 Tume ya Makwetta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari na Chuo Kikuu, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi nchini. Waliona kuwa chini ya asilimia 20 ya wanachuo waliopimwa ndio wangeweza kusoma kwa wepesi hata vile vitabu rahisi vya masomo yao.

Je, mwanachuo anahitaji Kiingereza kipi? Wengi wetu hupima kwa matamshi: kijana akizungumza haraka kama Mzungu, twasema anakijua. Huko ni kupima nguo kwa kibaba. Mwanachuo ana kazi nne: kusikiliza mhadhara huku akiandika yaliyo muhimu, kusoma sura ndefu na kutoa kiini chake, kuandika insha yenye hoja na ushahidi, na kuuliza swali mbele ya wenzake. Kila kazi yafaa ipimwe peke yake, kwani aandikaye insha safi aweza kupotea kabisa mhadhiri anapoharakisha. Dawa yao si moja.

Basi, ndugu mzazi, mwanao arudipo likizo mpe kitabu chake asome ukurasa mmoja, akifunge, kisha akueleze kwa Kiswahili. Hata kama wewe hukijui Kiingereza, utatambua iwapo maelezo yanashikamana. Akikwama usimcheke. Mhimize amwendee mwalimu wake na kusema wazi ni kazi ipi inayomshinda. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio cha mwanachuo ni matokeo ya mtihani, wakati mahindi yamekwisha kuuzwa.