Hamlet: Mwenye Wazimu au Aliyejitia Wazimu?

Kila tanzia inapojadiliwa, swali hili halikosi kuzuka: je, wazimu wa Hamlet, jagina wa tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa kwanza mwaka wa 1603, ni wa kweli au wa kujitia? Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba kifo cha baba na ndoa ya haraka ya mama vilimvuruga akili. Mimi siafikiani nao.

Kwanza, katika Tendo la Kwanza, baada ya kuzungumza na mzuka wa babaye, Hamlet anamwapisha Horatio asitoe siri hata akimwona akitenda kama punguani. Mwenye wazimu hautangazi kabla haujaja. Pili, wazimu wake huchagua hadhira. Mbele ya Polonius anapayuka. Mbele ya Horatio anasema kwa busara. Ulinganishe na wa Ophelia, ambao hauchagui mtu wala mahali.

Nakiri kuwa hoja hii ina utata. Katika masimulizi ya Saxo Grammaticus, ya yapata mwaka wa 1200, Amleth anajitia wazimu ili ami yake aliyemuua babaye hadharani asimwangamize naye. Kwa Shakespeare, mauaji ni siri, na wazimu wa Hamlet, badala ya kumkinga, unamzindua Claudius. Aidha, chumbani mwa mama, Hamlet anauona mzuka ambao mama hauoni. Hata hivyo, ni katika onyesho hilo hilo anapomhakikishia mamaye kwamba wazimu wake ni hila tu.

Kwa nini basi swali hili lina uzito? Katika Tendo la Tano, Hamlet anamwomba Laertes radhi akidai kuwa si yeye aliyemkosea, bali ni wazimu wake. Ikiwa ni hila, basi hapa anakwepa dhima ya damu ya Polonius, aliyemchoma kwa upanga nyuma ya pazia. Tukimwita mwendawazimu, tunamwondolea hatia, na tanzia inageuka kuwa habari ya maradhi.

Naona uchungu wa tanzia hii u papo hapo: wazimu wa kujitia ulizaa wazimu wa kweli, si kwa aliyejitia, bali kwa Ophelia, bintiye Polonius, ambaye hakuwa na hila yoyote. Mwenye maoni tofauti na atujibu.