Majani ya uani yasitozwe kama chupa za plastiki

Halmashauri zinapoandaa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, hoja ya ada ya taka hurudi mezani. Ada yenyewe siipingi, maana gari la taka haliendeshwi kwa maneno. Ninachokipinga ni kiwango kimoja kwa kila kaya, kinacholihesabu gunia la majani ya migomba sawa na gunia la chupa za plastiki.

Mimi ni mkulima wa viungo hapa Sigi, chini ya milima ya Amani. Uani kwangu jani halitupwi. Shina la mgomba uliokwisha kuzaa nalikatakata, napanga tabaka la majani mabichi, la makavu, la samadi ya mbuzi na majivu kidogo, kisha nachomeka kijiti kirefu katikati. Siku chache baadaye nakichomoa. Kikitoka cha moto, mboji inakwenda vizuri. Kikitoka kikavu na baridi, naongeza maji. Baada ya miezi mitatu hivi, mbolea ile inakwenda kwenye iliki na pilipili manga. Kaya ya namna hii imeipunguzia halmashauri mzigo, sasa iadhibiwe kwa lipi?

Wapo wasio na nafasi ya shimo, na zipo taasisi na nyumba za wageni zenye ua wa kupogoa kila mara. Hao wazolewe, na walipe kwa mzigo. Uingereza, halmashauri nyingi humtoza ada ya mwaka yule tu anayetaka pipa lake la majani lizolewe. Utaratibu huo unatufaa, ila bei isiwe ya kumfanya mtu asubiri giza akamwage matawi mtoni.

Maana mto wenyewe ni Sigi. Maji yake hushuka hadi bwawa la Mabayani, ambako Jiji la Tanga linachota ya kunywa. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya huko, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni kwa ajili ya huduma ya maji. Wa bondeni wanakopa mabilioni. Sisi wa juu tusisukumwe na ada mbovu kuwachafulia chanzo.

Msitu nao uko hatarini. Mti wa Maesopsis, ulioletwa Amani karne iliyopita, umeingia hadi ndani ya msitu wa asili, hondohondo wakiusambazia mbegu. Vipandikizi vya maua ya bustani navyo, vikitupwa pembeni mwa hifadhi wakati wa masika, huota. Kwa hiyo ada ya majani ni suala la mapato, na ni suala la hifadhi pia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Basi ada nazo zitenganishwe. Kila kaya ilipe kiasi kidogo kwa taka zisizooza. Mwenye shimo la mboji, likishakaguliwa na kamati ya mazingira ya kijiji, asilipe chochote kwa majani. Anayetaka kuzolewa alipie mzigo wake, na wazee wasio na wa kuwasaidia wasamehewe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila mkutano mkuu wa kijiji usomewe fedha iliyokusanywa, safari za gari, mafuta yaliyotumika na mahali majani yalipomwagwa. Bila hesabu hiyo, hata Sh1,000 ni ghali.

Sheria ndogo hutangazwa ili wananchi watoe maoni kabla hazijapitishwa. Tangazo likibandikwa kwenye ofisi ya mtendaji, twende tukalisome na tuandike pingamizi kwa majina yetu. Na diwani anayetaka kura zetu aje kwanza atueleze kiwango kimekokotolewaje, ndipo akakipigie kura barazani.