Kuzima runinga hakutoshi

Mwandishi, nimesoma makala yako mpaka mwisho, lakini hapo unaposema mzazi akizima runinga matangazo ya kamari hayatamfikia mtoto, sikubali. Mpaka 2019 klabu za soka za AFC Leopards na Gor Mahia zote zilivaa jina la kampuni ya kamari ya SportPesa kifuani. Mtoto wa Kakamega huanza kuipenda Ingwe, yaani AFC Leopards, kabla hajajua kusoma, kwa hivyo kamari iliingia nyumbani na jezi aliyonunuliwa na babake. Kisha wakaja wachekeshaji wa TikTok: kichekesho kikinoga, wanakutajia bonasi ya kubeti. Nina kibanda cha M-Pesa karibu na uwanja wa Bukhungu, hapa Kakamega. Jumamosi vijana huweka shilingi 50 au 100, na kabla hawajaondoka dirishani washabeti, wakimtaja mchekeshaji fulani kana kwamba ni binamu yao. Wewe ndugu uliyeandika kwenye maoni hapo juu kwamba kubeti ni uvivu tu, njoo ukae nami Jumamosi moja ujionee. Mei 2025 bodi ya kudhibiti kamari ya Kenya ilipiga marufuku watu mashuhuri kutangaza kamari, wakiwemo wa mitandaoni. Naipongeza bodi hiyo kwa dhati. Sasa amri hiyo isimamiwe, na jezi zenye majina ya kampuni za kamari nazo ziguswe.