Mto umejaa, wewe una haraka ya nini? (Sehemu ya 7)

Leo siongelei dawa, naongelea mito. Huu ndio msimu wa kuletewa watu waliozolewa na maji, na wengine hawaletwi kabisa, wanazikwa hukohuko.

WHO wanasema mwaka 2021 watu kama 300,000 duniani walikufa maji, zaidi ya 9 kati ya 10 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani sisi. Tukisikia kufa maji tunawaza Ziwa Tanganyika. Jamani, huku milimani mtu anafia kwenye kijito ambacho juzi alikiruka kwa hatua moja! Mvua inapiga vilima vya juu, kwako jua linawaka, halafu maji yanashuka ghafla, rangi ya chai ya maziwa, na magogo ndani. Maji ya magotini yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima. Ya mapajani yanabeba gari. Sasa bodaboda yenye abiria wawili na gunia la maharage unadhani itapona?

Kule Jinja, Uganda, watalii wanalipa dola kushuka maporomoko ya Nile kwa boti za mpira. Wamevaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea, na kuna mtu wa mtumbwi anawasubiri chini. Yaani anayecheza na mto amejiandaa kuliko mtoto wetu anayevuka gogo linaloteleza, madaftari kichwani, akiwahi namba.

Wazee wanasema siku hizi mito imekuwa mikali. Mimi nasema tumeichokoza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nenda kaangalie bonde la kwenu: mahindi yanaoga miguu. Yale matete mliyong'oa ndiyo yaliyokuwa yanapunguza kasi ya maji na kushika udongo.

Najua jibu lenu: "Nesi wewe una mshahara, sisi tunakula bondeni." Ni kweli, shamba la bondeni ndilo linalolipa mchango wa shule kiangazi. Ndiyo maana siungi mkono kufyeka mahindi ya mama mjane yakiwa yamebeba. Mnaweka vigingi kabla hajapanda, mnamwonyesha pa kulima, ndipo mnamwambia asogee. Mkianza na panga mtapata maadui, na mwakani atarudi kulima usiku.

Halafu kuna hii ya "kulinda mto ni mambo ya wazungu na ndege wao". Ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi iliingia Ramsar mwaka 2000, ya kwanza Tanzania. Inapokea maji ya mito yetu, inayatandaza, inayaachia polepole, ndipo Malagarasi unaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Samaki wanazaliana humo. Kuna mzungu gani hapo?

Umeme nao? Nautaka sana, nimeshazalisha mama kwa tochi ya simu. Wamarekani kupitia MCC walitaka kujenga mradi wa maji Malagarasi, wakaachana nao kwa hofu ya viumbe wa mtoni. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 140 kwa mradi wa megawati 49.5 pale Igamba. Sawa, ujengwe. Ila wananchi waambiwe wazi, kwa Kiswahili, kiangazi maji kiasi gani yataachwa yapite kwenye maporomoko. Swali hilo sijasikia likiulizwa kwenye mkutano wowote huku kwetu.

Mwisho, hili shika. Mtu akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, pumzi 2, endelea hivyo huku mwingine anatafuta usafiri. Hata akizinduka na kuomba uji, mleteni hospitali, mapafu yanaweza kumgeuka baada ya saa chache.

Na kijiji chenye kivuko kibaya, kamba nene ya kushikia na mtu wa zamu asubuhi na jioni havisubiri bajeti ya wilaya. Mwenyekiti wako ana namba ya simu, mpigie leo.

Sehemu ijayo ni kichocho, kwa mnaofulia mtoni.